Siku Tulipong'oa Mpaka

Nisikilize taratibu, wewe unayesoma, maana jambo hili nitalieleza hatua kwa hatua kama vile umekaa mbele yangu. Na kama wewe ni kijana unayejiandaa kwenda kutumika nchi ya watu, sogeza kiti karibu zaidi. Sitaki kukutisha. Kazi ile ni njema, na utaiweza. Ila kuna mambo hakuna anayekwambia kabla hujaondoka nyumbani.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja kanisa letu liliponitoa Nairobi na kunituma Tanzania kwa miaka miwili. Nilipangiwa upande wa Makumira, kwenye miteremko ya Mlima Meru, pamoja na mwenzangu aliyetoka Zambia. Sisi wamisionari tulitumwa wawili wawili, na kanuni ilikuwa kwamba wawili hao hawaachani: sokoni pamoja, ibadani pamoja, hata kwa kinyozi mmoja ananyolewa na mwingine anamsubiri kwenye benchi. Tuliamka saa kumi na mbili kwa sala na kusoma. Ikifika saa tatu tulikuwa tumevaa mashati meupe na tai, tunapandisha njia za migombani kubisha hodi. Nyumba nyingi kule ni za Walutheri tangu enzi za babu zao, na hawakuhitaji kanisa jingine. Walitupa ndizi mbivu, wakatuuliza habari za mama zetu, wakatusindikiza mpaka njiani. Walituita "watu wa tai."

Kila Jumatano tulivua tai. Hiyo ilikuwa siku ya kazi ya mikono: kumsaidia yeyote mwenye shida, bila kuhubiri. Ndivyo tulivyomfahamu bibi mmoja mjane, mwenye kahawa na migomba na ng'ombe mmoja wa ndani. Watoto wake wote walikuwa Dar es Salaam.

"Nyie mna mikono ya kushika Biblia," alituambia Jumatano moja. "Panga mnaliweza?"

"Tunaliweza, bibi."

"Haya. Nitoleeni magugu kule chini kwenye kahawa. Mimi nashuka zahanati kupima presha. Msife kabla sijarudi."

Tulifanya kazi kwa bidii sana. Huko chini, katikati ya mibuni, tulikuta mimea yenye majani marefu membamba, imesimama mmoja mmoja kutoka juu hadi kwenye mfereji. Mwenzangu aliuliza ni nini. Nikamjibu kama anayejua: "Miti ya porini. Inainyima kahawa jua." Mimi nimekulia ghorofa ya tatu kwenye nyumba za kupanga. Kwangu mpaka ni ukuta wenye vipande vya chupa juu. Tukaikata yote, tukachimbua vishina kwa jembe, tukalundika kila kitu karibu na banda la ng'ombe. Kisha nikachukua reki nikasawazisha udongo mpaka ukapendeza. Nilikuwa nasubiri kupigiwa makofi.

Bibi alirudi saa sita. Nilimwamkia, akanipita hadi kwenye mibuni. Alisimama akitazama ule udongo uliosawazishwa.

"Masale yangu yako wapi?"

"Yapi, bibi?"

"Yaliyokuwa hapa. Mstari wangu!"

Hapo nikueleze, maana mimi mwenyewe nilielezwa nikiwa nimeshachelewa. Isale, au masale yakiwa mengi, ndiyo ile mimea ya majani marefu. Kule Meru hupandwa mpakani, na ikishapandwa huwa ndiyo shahidi. Shamba la upande wa pili lilikuwa la mdogo wa marehemu mume wake. Tangu siku ya mazishi shemeji huyo alikuwa akisema kahawa ya chini ni yake. Hakuwa na karatasi, na bibi naye hakuwa nayo. Kilichomzuia ni masale tu, na shahidi huyo nilikuwa nimemng'oa na kumtupa kando ya banda la ng'ombe.

"Tuyarudishe sasa hivi, bibi," nilisema.

"Uyarudishe wapi? Unakumbuka yalisimama wapi? Nikipanda peke yangu atasema nimeyasogeza. Isale halipandwi na upande mmoja."

Hatukuhitaji kwenda kumwita shemeji. Alikuwa ameshasimama upande wake, jembe begani.

"Shemeji, naona umefuta mpaka mwenyewe. Umefanya vizuri. Ulikuwa unachelewa."

"Waliofuta ni wageni."

"Wageni wako. Mgeni hufanya anachotumwa na mwenyeji." Akatutazama miguu mpaka kichwa. "Watu wa tai, asanteni sana. Kesho asubuhi naleta miche yangu ya migomba."

Tulirudi chumbani. Kanuni ilitutaka tumpigie kiongozi wetu wa misheni, aliyekuwa Arusha mjini, kila tunapoharibu jambo. Nilimweleza yote. Aliniambia bila hasira: "Mambo ya ardhi msiyaingie. Ombeni radhi, muondoke. Jumatano ijayo tafuteni kwingine."

Naomba usimwone mbaya. Alikuwa na vijana wengi wa kuwalinda, wote wageni. Lakini nilijikuta nasema: "Tukiondoka, nani atasema kwamba si bibi aliyeng'oa?"

Alinitaka nirudie swali, nikarudia. Kisha akasema: "Basi semeni mlichofanya ninyi. Hicho tu. Shamba ni la nani, hilo si lenu kusema."

Asubuhi tulimfuata balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa majirani wa pale, mzee aliyewahi kuwa dereva wa malori. Alinisikiliza akitikisa kichwa.

"Mkenya, kwenu mpaka ni nini?"

"Ukuta, mzee."

"Kwetu ukuta una majani." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nenda kwenye lile lundo ulilotupa, chagua isale moja zima. Utalibeba kwa mikono miwili mpaka kwa yule jamaa. Mwamkie, halafu unyamaze. Huku kwetu isale ndilo la kuombea msamaha. Akilipokea, amekubali kukaa chini. Asipolipokea, bibi ajiandae na kesi."

"Bibi asilibebe yeye?"

"Aliyeng'oa ndiye anayebeba."

Nilichukua isale, balozi akaongozana nasi, tukamkuta shemeji ameshaanza kuchimba mashimo, upande wa ndani kabisa, kwenye kahawa ya bibi. Majirani kadhaa walikuwa wamesimama. Bibi alikuwa kwenye migomba yake, kanga ameikaza kiunoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kung'oa na nyumba?"

Watu walicheka. Nilinyoosha mikono, isale juu yake. Aliendelea kuchimba. Alimaliza shimo moja, akasogea, akaanza la pili. Mwenzangu alisogea mpaka bega lake likagusa langu, nami nikajua kwa nini walitutuma wawili. Balozi alikuwa akitazama mlima kana kwamba hayupo. Shimo la tatu.

"Unajua hicho ulichoshika?" shemeji aliuliza akiwa bado ameinama.

"Jana sikujua. Leo najua."

"Nani alikutuma uyang'oe?"

Hili ndilo swali alilolitaka, na ndilo nililoliogopa. Ningesema "bibi" hata kwa kujikwaa ulimi, mambo yangeishia hapo. Nilijibu polepole ili hata waliosimama mbali wasikie: "Bibi alituagiza magugu. Masale niliyang'oa mimi, kwa kutoyajua. Yeye alikuwa zahanati."

"Kweli, jana asubuhi nilikuwa naye huko zahanati," mama mmoja alisema kutoka nyuma. "Presha ilikuwa juu. Leo nadhani imefika kileleni."

Hakuna aliyecheka sana. Shemeji aliwatazama majirani, akamtazama balozi. Mtu anayekataa isale mbele ya watu huwa amejitwisha kosa yeye, na aliyejua hilo vizuri kuliko wote pale ni yeye. Akafuta mikono kwenye suruali. Akalichukua.

Basi wakatembea, shemeji upande wake na bibi upande wake, kuanzia juu kabisa ya shamba. Walibishana kila hatua. Pale walipokubaliana, balozi alinielekeza na mimi nikachomeka isale. Bahati nzuri mmea ule hata ukiwa umekatwa hushika tena. Tulienda hivyo hadi katikati. Hapo shemeji alivuta mstari kuelekea kwa bibi, na bibi akakataa. Balozi aliinama kutafuta dalili ya shimo la zamani. Hakuona kitu. Reki yangu ilikuwa imefanya kazi nzuri mno.

"Kijana," balozi aliniuliza, "lilikuwa wapi hapa?"

Nilitafuta kichwani. Nilitamani sana kumwonyesha mahali panapomfaa bibi. "Sikumbuki, mzee," nilisema, kwa sababu sikukumbuka.

Bila shahidi, bibi alikubali mstari wa shemeji, na mibuni mitatu ikawa upande wake shemeji. Bibi aliishika mmoja mmoja kwenye matawi, akaipita. "Panda," aliniambia. Nikapanda, tukaendelea hadi mfereji. Kahawa nyingine yote ya chini ilibaki yake, mbele ya balozi na majirani, na shemeji akafukia mashimo yake mwenyewe.

Niliomba radhi tena. Bibi aliitikia kwa kichwa tu. Nilipofika njiani aliniita.

"Jumatano mnakuja?"

"Bado unatutaka, bibi?"

"Nani mwingine atanipalilia? Lakini sasa mimi natangulia, ninyi mnafuata."

Mibuni ile mitatu sijaisahau, na sidhani kama napaswa kuisahau. Wewe utakosea mambo yako mengine, na utasimama tena. Ila hili moja unaweza kuliepuka. Kabla hujashika panga au jembe kwenye shamba la mtu, mwombe mwenyewe atembee nawe mpakani kutoka kona hadi kona, aguse kwa mkono wake kila mmea usiotakiwa kung'olewa. Na ukikuta usioujua wakati hayupo, uache umesimama mpaka arudi.