Mkojo Ulioganda Kama Yai

Mwaka ule waasi walipoushika mji wa Uvira, nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya mume wangu vikakataa kuingia. Mama mkwe akanipeleka dispansere, zahanati ndogo ya Mulongwe. Mganga wa pale alikuwa mtu mpole. Wenzake walikuwa wamekimbilia Burundi, yeye akabaki. Mlangoni alisimama mpiganaji wa waasi mwenye mkuki, eti analinda dawa.

Mganga alimimina mkojo wangu katika kichupa chembamba, akakichemsha juu ya taa ya spiriti, kisha akadondoshea siki. Mkojo ukawa mweupe, ukaganda kama ute wa yai.

Mama mkwe akaruka. "Weye! Umekula mayai!"

Kwetu mwenye mimba alikatazwa yai, asije akazaa mwizi.

"Miye sikukula, mama."

"Na hii iko nini?"

Mganga akaeleza kwamba ile ni proteini, inavuja kupitia figo, na ni hatari: nilale, niache chumvi. Mama mkwe hakumsikiliza. Mpiganaji naye akachungulia.

"Munapika nini?"

"Mkojo wa mwanamke," mganga akajibu.

Dawa ya vita aliyopakwa mpiganaji yule, ya kumkinga na risasi, ilimkataza hata kuguswa na mwanamke. Alitoka mbio, mkuki akauacha mlangoni.

Ili kumaliza ubishi, mganga akamwambia mama mkwe, "Mama, leo kula mayai. Kesho lete mkojo wako."

Jioni ile alikula mayai kwa bidii ya mtu aliyetumwa na serikali. Asubuhi mkojo wake ukachemshwa, ukatiwa siki, ukabaki maji matupu.

"Mayai yote yale!" akafoka. "Pika tena!"

Mganga akapika tena. Maji.

"Pengine hayakutosha," akasema mama mkwe, na juma zima akaendelea kula mayai, eti kwa ajili ya kipimo. Mganga alishamwambia imetosha, lakini kila asubuhi alimkuta mlangoni na chupa yake.

Hata hivyo mama mkwe alikuwa ameamini kwamba ugonjwa wangu haukutokana na mayai. Alinilaza kwenye mkeka, akanipikia sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi, akachota maji na kufua mwenyewe, huku akimfukuza kila jirani aliyekuja kunichosha kwa habari za vita. Uvimbe ukapungua. Nikajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kubwa kuliko ya bibi yake.