Kiinua Mgongo Changu na Aisa

Kwetu Tanga malipo ya kustaafu tunayaita kiinua mgongo. Mgongo wenyewe ulikuwa wangu, umeinamia mashuka ya wagonjwa miaka nenda miaka rudi, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja mashariki mwa London. Lakini mume wangu alikuwa keshaupangia matumizi. "Kiinua mgongo kikitoka tu, tunamalizia nyumba yetu ya uzeeni kule Tanga." Saruji nilishatuma mimi, mbao mimi, madirisha mimi. Kumbe ndani keshamweka mke wa pili! Nilizipata habari msibani, huku huku London, mtaa wa Ilford, kwa mama mmoja aliyedhani najua.

Sikulia, ng'o. Nilitaka alipe.

Nilipotimiza hamsini, mfuko wa pensheni wa kazini uliniruhusu kuchukua robo ya akiba yangu bila kukatwa kodi. Binti yangu, ambaye hata nikimfokea kwa Kiswahili hunijibu Kiingereza, alinieleza kwamba robo hiyo naweza kuiingiza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kwenye akaunti isiyotozwa kodi, wenyewe wanaiita ISA, wanatamka aisa. Ila nikiichukua, pensheni yangu ya kila mwezi itapungua mpaka kufa kwangu. "Think about it, Mum," akasema.

Nikafikiri. Nikiziacha hela zote kwenye mfuko halafu nikatangulia, sehemu itamwendea yeye, mgane wangu, akaile na mkewe kwenye baraza niliyoilipia. Nikizitoa nikaziweka benki, akaunti yetu ni ya pamoja, atazikomba. Nikamuuliza binti kama hiyo Aisa inaingia majina mawili.

"No. Just you."

Basi! Pensheni na ipungue. Heri nile mihogo mikavu kuliko yeye anenepe kwa jasho langu.

Mume wangu alinisikia nikimwambia binti kwenye simu, "Nimeshaamua, zote zinakwenda Aisa." Akaja jikoni macho yamemtoka.

"Aisha yupi huyo unayempa hela zetu?"

Hela zetu! Ningeweza kumweleza. "Humjui," nikasema. "Ila hapendi kushirikiana na mtu."

Akavaa koti, akatoka na kadi yake ya simu kutafuta kibanda cha kupigia.

Jumamosi simu ya nyumbani ikalia. Sauti ya mwanamke, imekauka kwa kilio.

"Shikamoo dada. Najua huna sababu ya kuzungumza nami."

Nikamjua hapo hapo. "Marahaba."

"Ameniambia hela za kumalizia nyumba amezichukua Aisha. Namuuliza Aisha ni nani, ananiambia hamjui. Dada, niambie kweli, ameoa tena?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Ni akaunti tu, mdogo wangu, ningesema, na angelala usingizi. Nikavuta pumzi.

"Sisi wake huwa wa mwisho kujua," nikamwambia.

Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Basi hapa asitie mguu. Kiwanja na nyumba aliviandika kwa jina langu."

Kwa jina lake! Saruji yangu, mbao zangu. Iliniuma, sikatai. Lakini itamuuma nani zaidi?

"Badilisha kufuli," nikamshauri.

Mume wangu alikuwa sebuleni anatazama mpira, hajui bado kwamba hana nyumba. Nikakata simu, nikamuuliza kama anataka chai.