Hatua ya Saba

Niliondoka Kitale kwenda hospitali ya Bungoma kwa sababu nilikuwa nimeponywa. Mkinivumilia, nitaeleza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Niliteleza jikoni nikaangukia makalio, na kwa wiki tatu nilijikokota kwa fimbo. Jumapili ya tatu wazee wenzangu wa kanisa waliniwekea mikono. Mchungaji akasema, "Mzee, weka fimbo chini. Tembea." Sikuwa mtu wa kumwaibisha mwenzangu katikati ya maombi. Nikatembea hatua sita kuelekea madhabahuni, waumini wakiimba. Kwenye ya saba kitu kikalia ndani ya nyonga kama gunzi linalovunjwa, nikaangukia wanakwaya. Kwa imani yao, walimaliza ubeti kwanza.

Jumatatu asubuhi nililazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu ya kubebea maziwa. Mchungaji aliketi kando yangu. Kutoka Kiminini hadi Kamukuywa, kila shimo alisema, "Asante Yesu." Mimi nilisema jambo jingine kimoyomoyo, nalo nimeshalitubu.

"Baba Ruth," mke wangu akaninong'oneza, "si ungesema tu inauma?"

"Mbele ya watu?"

Tulifika Bungoma saa sita. Daktari wa upasuaji, kijana mpole, aliinua picha ya eksirei dirishani. "Mzee, mifupa yako imedhoofika kwa umri. Hapa mbele palivunjika ulipoanguka, pangepona penyewe. Huku nyuma palikuwa na ufa mdogo, sasa umefunguka. Nani alikwambia utupe fimbo?"

Nikamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama dari.

"Nikikulaza kitandani miezi mitatu, mapafu yatakumaliza," daktari akaendelea. "Nitatia skrubu mbili ndefu. Shida ni kwamba mfupa wa mzee haushiki skrubu vizuri. Zikishika, utatembea. Zikilegea, utabebwa maisha yako yote."

Siku chache baada ya upasuaji, nesi alinisimamisha kwa magongo. Aliniita Kuka, yaani babu kwa Kibukusu. "Kuka, mguu wa kushoto uguse tu chini, kama unakanyaga yai. Mpaka daktari aseme."

"Na nikiambiwa nitembee?"

"Na nani?"

"Na kanisa."

"Ati kanisa? Waambie waje kwanza wasome faili yako."

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi Kitale, nilipewa nafasi ya ushuhuda. Kabla sijafungua kinywa, mchungaji, ambaye upendo wake haukuwa umepungua hata kidogo, alisema, "Mzee, tupe hayo magongo tuyatundike ukutani." Makofi yakaanza. Kiganja changu kilikuwa tayari kimeanza kulegea, kwa heshima tu.

"Bado inauma, Mchungaji," nikasema, nikaketi.

Mama Ruth peke yake akasema, "Amina."

Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo: Bwana aliyenipa daktari hakuhitaji nimdanganyie. Ilinichukua umri wote huo kukijua, namshukuru kwa subira yake.

Miezi minne baadaye daktari alitazama picha mpya, akasema skrubu zimeshika, niweke magongo chini. Jumapili iliyofuata, matangazo ya harambee ya mahindi yakiendelea, niliinuka kupeleka sadaka yangu mbele. Hakuna aliyeimba, wala hakuna aliyegeuka isipokuwa mke wangu. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka saba, kisha nikaacha kuhesabu, maana madhabahu ilikuwa bado mbele.