Mchumba Wangu Alinifariji kwa Maneno ya Gemu

Admin, nifichie jina langu na la kanisa letu, maana sisi Wakongo wa Louisville, Kentucky, tunajuana mpaka rangi za mapazia. Nina miaka ishirini na minne, nakaa mtaa wa Okolona na shangazi aliyenilea, nafanya kazi ya kufunga maboksi ghalani. Jumamosi ijayo wageni wa mchumba wangu wanatoka Columbus kuleta mahari. Vitenge vya sare vimeshashonwa, wajomba wameshaomba ruhusa kazini, na mimi kila nikiifikiria siku hiyo natamani kukimbia.

Mchumba huyu nitamwita Pascal, si jina lake. Tulikutana kwenye kongamano la kwaya, tukaanza kuongea kwa simu. Mama yangu alifariki kwenye kambi ya wakimbizi kabla hatujapata safari ya Amerika. Kwenye kilio watu wazima walinizunguka wakaniambia, "Jikaze, weye njo mukubwa." Basi nikajikaza. Nikajikaza kwenye ndege, nikajikaza kazini, nikajikaza kanisani, watu wakanisifu kwamba nina roho ngumu. Pascal ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia kwamba kitenge cha mwisho cha mama nimekificha chini ya nguo zangu, sijawahi kukifua, na siku nikizidiwa nakitoa nakinusa. Hata shangazi hajui. Pascal alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Usiniambie uko sawa. Nionyeshe tu mahali panauma, nitaikala pale pamoja na weye."

Ndugu zangu, mtu kuahidi kukaa nami penye maumivu, nililia. Nililia kilio ambacho sikulia siku ya maziko. Mkiniuliza nilimpendea nini Pascal, si gari, wala si sura, sura yenyewe ya kawaida tu. Nilimpendea maneno yale.

Kwetu binti haendi peke yake kwa mchumba, kwa hiyo mwezi uliopita shangazi alinisindikiza kuona nyumba. Pascal anakaa na mama yake Clintonville, kule Columbus. Wamama waliingia jikoni na sombe yao, kisamvu chetu, wakaanza kupiga soga na kucheka. Nilipotaka kusaidia wakanifukuza na sahani ya maandazi, eti nimpelekee mume wangu mtarajiwa.

Nilimkuta sebuleni amevaa hedifoni, anacheza gemu lake la Kijapani. Alishanieleza zamani linavyokwenda. Unakuwa na jeshi, unapanga askari wako kwenye miraba kama kete za dama, mnapigana kwa zamu. Vita ikiisha mnarudi kambini, unaanza kuongea na wasichana wa jeshi lako. Kila msichana ana shida yake. Anakuambia, unapewa majibu matatu, unachagua moja. Ukichagua vizuri, moyo mwekundu pembeni unajaa, na ukijaa kabisa anakubali umuoe. Nilikuwa namtania, "Siku nyingine utaniletea mke mwenza mwenye nywele za bluu."

Siku ile huyo wa nywele za bluu alikuwa anamlilia mama yake kando ya moto. Chini yake majibu matatu kwa Kiingereza. La kwanza, jikaze. La pili, ondoka umwache alie. La tatu nililisoma mara mbili, kwa sababu nalijua kwa Kiswahili, neno kwa neno, tangu simu ile. Pascal akalibonyeza hata bila kufikiri. Moyo ukajaa. Akacheka, akamwambia mtu aliyekuwa anaongea naye kwenye hedifoni, binamu yake wa Buffalo, nimwite Elie: "Elie, si njo ile maneno ulinitumia juu ya ule wa Kentucky? Ule wa kitenge ya mama yake. Donc ilifungua roho yake mara moja tu!"

Sikupiga kelele. Ningepiga, shangazi angetoka na mwiko. Niliweka sahani chini, nikamgusa bega, nikamwita nje.

"Elie anajua kitenge cha mama yangu?"

Aliangalia viatu vyake. "Bébé, bon, nisikilize. Siku ile nilikosa ya kusema. Kwetu papa hajawahi kubembeleza mutu. Nikamuandikia Elie, juu yeye alishamaliza ile jeu, ile gemu, akanirudishia ile phrase. Maneno ilikuwa ya jeu, lakini mapendo ni yangu."

Kumbe ule ukimya wake kwenye simu, ambao mimi niliuona ni huruma, alikuwa anasubiri jibu kutoka Buffalo! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siri niliyomficha mtu aliyenilea inachekewa na kijana ambaye sijawahi hata kumpa mkono.

Njiani kurudi nilimwambia shangazi yote isipokuwa habari ya kitenge. Akanijia juu. "Utakatala mwanaume juu ya dessin animé, vikatuni tu? Wa wenzako wako kwa bar, wako wanapiga bibi zao. Huyu anacheza jeu kwa mama yake, njo makosa? Na wajomba wataweka uso wapi?" Ukweli ni kwamba hajakosea kabisa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jana Pascal alipiga tena kuomba msamaha. Nikamwambia, "Acha msamaha. Niambie neno moja lako, lako mwenyewe, juu ya mama yangu." Nilibana simu sikioni kusikiliza kama anaandika. Sikusikia kitu, pumzi zake tu. Mwishowe akauliza polepole, "Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Nilikata simu. Sare zimeshonwa, Elie anajua nanusa nini nikilia, na mtu anayetaka kuniita mke wake hajui jina la mama yangu. Lakini usingizi umenikataa, kwa sababu najiuliza pia kama hilo ndilo jambo la kwanza alilowahi kuniuliza kwa kinywa chake mwenyewe.

Wamama na wababa mnaosoma hapa, nawaomba mnijibu kabla ya Jumamosi. Nimpigie nimtajie hilo jina, au niwaambie wajomba wageni wasije?