Milimita Mbili za Mama Vipimo

Saa mbili asubuhi, fundi anakandamiza pedeli ya baiskeli iliyofungwa kwenye stendi, kichwa amekiinamisha hadi sikio linakaribia cheni. Chuma kinakwaruza chuma. Anaachia pedeli na kusonya.

"Umesikia? Huyu mama angevunjika shingo," anasema akimwelekezea kidole mwenye baiskeli, na hasira haifichi.

Fundi huyu mtaani wanamwita Mama Vipimo. Ana miaka arobaini na mitatu, ishirini kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba hiki chenye meza, jiliwa la kubania vyuma na mlango wa bati. Wateja wa mbali humfuata kwa kazi ambayo mafundi wengi huikwepa: kufunga gia ya mbele kwenye baiskeli za zamani.

Gia ya mbele ni kile kifaa chenye mabapa mawili kinachosukuma cheni kutoka meno madogo kwenda makubwa. Vya siku hizi ni vipana, na mikono ya pedeli ya zamani hupita karibu mno. Nafasi inayobaki ni milimita mbili, pengine moja na nusu.

"Ikiwa kwenye stendi inapita vizuri tu," anaeleza. "Ngoja usimame juu ya pedeli kupanda mlima. Fremu inapinda kidogo, mkono wa pedeli unalidaka bapa, unakwenda chini mzima mzima."

Ndivyo alivyoanguka jana mwenye baiskeli hii, mkunga mwenye goti bovu aliyetaka gia nyepesi ili aendelee kuwafikia wajawazito wa mlimani. Amekaa kwenye benchi, kiwiko kimefungwa bandeji.

"Aliyeifunga aliniambia itapita tu, mwanangu," anasema.

Mama Vipimo haulizi ni nani. Bapa limepondwa kwa nyundo, na alama za nyundo hiyo anazijua. Ni ya baba yake mzazi, aliyemfundisha kazi, mwenye karakana mtaa wa pili. Macho ya mzee hayaoni tena vizuri, naye hataki kuambiwa.

Tangu mwaka uanze, hii ni baiskeli ya kumi na moja iliyofungwa na mzee kuletwa hapa. Zote binti amezirekebisha bure, saa mbili kila moja, bila kumtaja.

"Nilidhani namsitiri baba. Kumbe naangusha watu. Najichukia kwa hilo kuliko ninavyomkasirikia yeye."

Analisaga bapa kwa tupa, anapitisha kipande cha kadi kati ya bapa na mkono wa pedeli, kisha anakandamiza pedeli kwa uzito wake wote. Kimya. Anamkabidhi mkunga baiskeli na kuvuta mlango wa bati, ingawa foleni ya kazi bado ndefu.

"Nakwenda kumnyang'anya baba spana. Akinuna, anune. Nitamwekea kiti hapa awe anasikiliza pedeli, masikio yake bado mazima."

Anafunga kufuli.

"Nikiwa msichana nilimwambia 'itapita tu' mara moja. Alinifungulisha baiskeli nzima, nikaanza upya huku nalia. Leo na yeye ataanza upya."