Karatasi Aliyoitia Sahihi Twyla Niemi

Twyla Niemi alikuwa na kichwa chepesi cha kushika masomo tangu utotoni, na hilo halikumshangaza mtu, kwani marehemu mama yake alikuwa vivyo hivyo. Kilichowashangaza watu wa mji ule wa mgodi wa chuma, kaskazini mwa Minnesota, ni kwamba alipomaliza sekondari hakwenda mbali. Baba yake, Reino, alikuwa ameachishwa kazi mgodini, na Twyla hakutaka kumwacha peke yake. Akaingia chuo kidogo cha miaka miwili pale pale mjini.

Huko alimkuta Bernice Zupancic, mwalimu wa kemia, mwanamke mfupi mwenye sauti kali, asiyejua kusifu. Kila Jumamosi asubuhi mwalimu huyu alimfungulia maabara, wakafanya majaribio ambayo hayakuwamo hata kwenye muhtasari wa masomo. Baada ya mwaka na nusu akamwambia, "Hapa umemaliza. Maji ya hapa yanakufika magotini tu. Hamia chuo kikubwa."

Twyla akaomba kuhamia chuo kimoja cha Massachusetts chenye jina, kinachochuja waombaji kama chai. Mwalimu akamwandikia barua ya kurasa tatu. Mwaka ule waliruhusiwa kuhamia watu kumi na tisa tu, naye akiwamo. Reino, mtu wa maneno machache, aliwaokea majirani mikate ya nyama, akaigawa mlango kwa mlango.

Uchungu ulianza wiki ya kwanza. Msajili aliipitia hati yake ya masomo, na kati ya kozi kumi na sita akazikubali tisa. Kemia ya kaboni, aliyoihangaikia kuliko zote, ilikataliwa. Wenzake wa mwaka wa tatu walikuwa wameshapata marafiki, na kila mmoja ana profesa wake wa kufanya naye utafiti. Yeye aliwekwa bweni moja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, waliomwuliza kama huko alikotoka ni chuo cha mafundi magari.

Profesa wa kemia, Thayer, akamweleza njia mbili. Angeweza kuitetea kozi yake ya zamani kwa kufanya mtihani. Akianguka, kemia basi. Au aandike maelezo kwamba kozi ile haikutosha, airudie bila kuhesabiwa vibaya, na aongezewe mwaka wa ufadhili.

"Aliyekufundisha ana shahada ya uzamivu?" Thayer akauliza.

"Hana."

"Basi huna haja ya kuandika kirefu."

Twyla aliuona mtihani wa mwaka uliotangulia. Hapakuwa na swali lililomshinda. Lakini mtu akiambiwa mwezi mzima kwamba hajui, huanza kulitilia shaka hata jina lake. Akaandika. Vifaa chakavu, akaandika. Mwalimu asiyejiandaa, akaandika. Akatia sahihi.

Asichojua ni kwamba nakala za karatasi za aina ile hupelekwa chuo mtu alikotoka. Mkuu wa chuo kile kidogo alikuwa akitafuta pa kupunguza gharama, na sasa akapata sababu, tena kutoka kwa mwanafunzi bora aliyewahi kupita pale. Kozi ya kemia ya kaboni ikafutwa. Zupancic akabakishiwa masomo ya utangulizi. Na bila kozi ile, hakuna mtoto wa mji ule aliyeweza tena kuhamia popote kusomea kemia.

Baba yake ndiye aliyempa habari, kwa simu.

"Ni kweli uliandika wewe?"

"Baba, sikujua wataipeleka huko."

"Sijakuuliza imekwenda wapi. Shukrani ya punda ni mateke. Mimi nilidhani nimelea mtu."

Aliirudia kozi. Hadi wiki ya tano hakuwa amesikia jambo hata moja jipya. Akapata alama ya juu darasani, na Thayer akamsifu kwa kuwafikia wenzake upesi. Twyla akasema asante.

Alihitimu akiwa amechelewa mwaka mzima. Nafasi ya utafiti aliyokuwa akiitamani hakuipata, akarudi nyumbani kupima maji katika maabara ya wilaya. Siku moja akakutana na Zupancic dukani, mbele ya rafu ya unga. Maneno ya kuomba radhi alikuwa nayo siku nyingi, lakini mwalimu akamtangulia.

"Niliisoma karatasi yako. Imeandikwa vizuri. Hakuna neno la ziada. Ndivyo nilivyokufundisha kuandika ripoti."

"Mwalimu, niliogopa."

"Najua. Hata mimi pengine ningeogopa." Akachukua mfuko wa unga, akaupangusa vumbi. "Ila hilo la kutojiandaa, Twyla. Jumamosi zote zile."

Akaondoka bila kungoja jibu.

Twyla alimwandikia mkuu wa chuo mara mbili akiyafuta maneno yake. Alijibiwa mara moja tu: kwamba maabara imeshageuzwa chumba cha kompyuta, na kwamba chuo kinamshukuru kwa maoni yake ya awali, yaliyokuwa ya msaada mkubwa.