Sauti Iliyongoja Kuitikiwa

Naikumbuka bado siku moja, mwanangu, ziwa limetulia hata Kalemie yetu ikaonekana kama imelala mchana. Nilikuwa msichana, nimetoka Kongolo na nimechelewa: Mama yangu alikuwa ameshazikwa. Hakuacha hata picha. Kilichobaki ni kaseti moja kwenye nyumba ya makumbusho, ambako walikuwa wamemrekodi akisimulia hadithi.

Nikaenda kuichukua. Papa Kalunga, mzee aliyetunza vitu vya pale, alinipokea katikati ya ngoma, nyavu na vyungu. Akasema naweza kuja kuisikiliza wakati wowote, kama watafiti wanavyofanya, lakini haitoki. Nikawaka. Nikikasirika mimi, hata leo, majirani wanajua.

"Papa, huyu njo mama yangu! Batafiti njo banamulilia, ao mimi?"

"Ikala, binti yangu," akasema akinivutia kigoda. " Sikiliza kwanza."

Akabonyeza redio ya kaseti. Sauti ya Mama ikajaa chumbani, karibu kabisa, kama yuko jikoni.

"Batoto, muko?"

Kisha kimya. Alikuwa anangoja, maana Mama hakusimulia bila kuitikiwa, na siku ile ya kurekodi hapakuwa na watoto. Nilitaka kujibu, nikachelewa. Akacheka peke yake, akaendelea. Kimya kile kiliniuma kuliko msiba wenyewe.

Hadithi haijafika mbali, wanafunzi wakaingia na mwalimu wao, wakaketi sakafuni. Ilikuwa siku yao ya kuja. Papa Kalunga akairudisha kaseti mwanzo.

"Batoto, muko?"

"Tuko, Mama!" wakaitika wote, na Mama akacheka palepale, kana kwamba amewasikia. Nikalia, mwanangu, sikuona haya.

Papa akaniinamia. "Ukimupeleka kwako, nani atamuitikia?"

Niliondoka bila kaseti. Tangu hapo, darasa likija, nami huenda nikaketi nyuma yao. Siku hizi wananiletea kiti, magoti yamegoma.

Basi, mwanangu, aliyekupenda akikuachia kitu, usikifungie sandukuni ukidhani huko ndiko kumpenda. Kiweke watakapokifikia watoto wa wenzako, nawe uende ukae nao. Mungu akuzeeshe kwa amani, na siku sauti yako itakapoita nawe hupo, awepo mtoto wa kuitika.